Nilipopimwa Bega Kule Hispania

Kuna jioni moja haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa kijana, naosha vyombo hotelini katika mji mdogo wa pwani ya Hispania, kabla sijaja huku Maryland. Ilikuwa sikukuu ya Bikira Maria, mlinzi wa wavuvi wao. Nje ya kanisa kulijaa vibanda na muziki, watoto wanakula mandazi marefu kama kamba. Sisi Wakatoliki wa Nyeri tumezoea maandamano, lakini yale, lo! Sanamu ilikaa juu ya jukwaa kubwa la mbao, na jukwaa lenyewe linatembea! Kitambaa kilishuka pande zote karibu na ardhi. Niliona viatu tu, vikienda polepole.

Udadisi ukanishinda. Waliposimama kupumzika niliinama, nikafunua kitambaa. Wanaume wamebanana humo, jasho linawatiririka, mbao zimewakaa mabegani. Wakacheka kuniona. Mmoja alikuwa ametoka, amezidiwa na joto, nami nikajitolea kushika nafasi yake. Nilikuwa na nguvu, wewe! Tena ni Bikira Maria, nani asingetaka?

Msimamizi wao, mzee mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, akapima bega langu kwa kiganja, akatikisa kichwa. Nilikasirika. Nilidhani ni rangi yangu.

"Kwani mimi si Mkristo?" nikamwuliza.

"Wewe ni mrefu kuwapita wote," akasema. "Ukiingia humo, uzito wote utakulalia wewe. Wenzako watatembea mbao haziwagusi, na watadhani bado wanabeba."

Akanipa mtungi wa maji niwanyweshe. Nikaenda nao hadi ufukweni, ambako sanamu ilipandishwa mashua, na njia nzima nikawa nauliza nani hukaa wapi. Kumbe walipangwa kwa kimo cha mabega, wala si kwa nguvu.

Nakwambia haya kwa sababu asubuhi hii nimekukuta hapa nje umelalia usukani, injini inanguruma, umetoka zamu ya usiku Arlington. Nimekugongea dirisha, ukasema, "Niko fiti, Baba." Fiti wapi? Kumpeleka mama yako kliniki ni wewe. Kamati ya kanisa ni wewe. Watoto wa dada yako Wambui kule Temple Hills, kuwachukua shuleni ni wewe. Na nimekusikia ukinung'unika kwamba Wambui ni mvivu. Si mvivu, mwanangu. Mbao hazijawahi kumgusa bega. Anadhani anabeba.

Basi mpigie simu kabla hujalala. Mwambie wiki hii kliniki ya mama ni yake, na watoto wake awachukue mwenyewe. Usimkaripie. Shusha bega tu, atausikia uzito. Naogopa kukuzika huku ugenini, nakwambia wazi. Mungu akupe usingizi mzuri, akuzungushie watu wa kimo chako, na mama yako aendelee kukuona. Haya, maliza chai. Na hizo funguo za gari nipe mimi.