Uwanja Wenu Uko Wapi?

Juzi nilikuwa kwenye foleni ya ofisi moja hapa Moshi. Mbele yangu walisimama binti na kijana waliopanga chumba Majengo. Walitaka kusajili kampuni yao ya kutengeneza michezo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," karani akaitikia. "Uwanja wenu uko wapi?"

"Hatuna uwanja, baba. Ni gemu za kwenye simu." Binti akamwonyesha ya kwanza waliyoimaliza: unagawa maji ya mfongo, ule mfereji wa mlimani, mpaka yafike kwenye migomba ya kila jirani bila ugomvi.

Karani akashusha miwani. "Nikishinda napata nini?"

"Migomba haikauki."

"Hela hakuna?"

"Hakuna, baba."

Akaisukuma simu pembeni kwa kidole kimoja. "Hapa ni ofisini, binti, si mahali pa kuchezea."

Kijana uvumilivu ukamwishia. "Basi tuandikishe ya kubeti?"

"Aaa!" Karani akavuta kiti, akashika kalamu. "Sasa tunaongea kazi. Si mngesema mapema!"

Kwetu Old Moshi nimeona ndugu wa tumbo moja wakitoleana mapanga kwa ajili ya maji ya mfongo. Kumbe ule ulikuwa mchezo tu. Kazi ni kubeti.