Adija na Panya wa Maji ya Chumvi

Mwaka 1975 Adija binti Amadi, mjane wa familia iliyotoka Maniema, alikuwa akitunza panya katika maabara moja ya Lubumbashi. Panya wa vizimba vya kushoto walikunywa maji safi. Wa kulia walipewa maji ya chumvi, ili daktari Mulenga aone jinsi presha inavyopanda na kuharibu moyo na ubongo. Waliokufa, Adija ndiye aliyewatoa asubuhi. Wengine kabla ya kufa waliburuta miguu ya nyuma, vichwa vimepinda.

Panya walipimwa presha kwa pete ya mpira mkiani. Wakishikwa na mtu mwingine walitetemeka, namba ikaruka. Kwa Adija walitulia.

Siku moja kichwa kilimgonga hadi akaegemea ukuta. Mulenga akamfunga kipimo mkononi, akampima.

“Docteur, iko ngapi?”

“Mia mbili na kumi, mama.”

Adija akageuka kuvitazama vizimba vya kulia. Namba hiyo aliijua.

“Pima tena.”

Ikawa zaidi. Akakifungua kipimo mwenyewe, akatoka na koti la kazi mwilini.

Siku sita hakurudi. Nyumbani kwake Makomeno hakubeba ndoo, hakuinama, aliogopa hata kupiga chafya. Kidole kikifa ganzi, alikaa chini akaiminya miguu yote miwili, kuona kama bado inasikia. Bintiye Habiba alipouliza kuna nini, alimtuma dukani.

Siku ya saba Mulenga alibisha hodi, mkononi ana dawa na kipimo.

“Kwanza uniambie,” Adija alisema. “Bale panya banakufaka. Na miye nitakufa vile?”

“Bale habapewe dawa, mama. Weye utapewa. Na chumvi utaacha.”

“Na dawa ikishindwa?”

“Tutapima kila wiki. Namba sitakuficha.”

Jibu hilo lilimtisha, lakini aliliamini. Akanyoosha mkono, Habiba ameushika ule mwingine kwa nguvu. Mia na tisini.

Mwezi uliofuata alirudi kazini. Aliomba jambo moja tu: chupa za chumvi asijaze yeye. Mulenga akazijaza mwenyewe.

Namba ilishuka polepole, ikafika mia na hamsini, na Adija akaishi miaka mingi. Hata hivyo kila Jumatatu, kabla ya kupimwa, alifumba macho, na Mulenga alimngoja mpaka pumzi zake zitulie.