Mama mkwe anafutia miguu zawadi yangu ya Idi, na hajui ilikotoka

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Ndugu wa mume wangu wanafuata ukurasa huu, na hapa nilipo naandika nikiwa kazini, simu nimeificha chini ya faili.

Nina miaka ishirini na sita, ni karani wa masjala katika ofisi moja mjini Mtwara. Nina mwaka wa pili kwenye ndoa, tunaishi Rahaleo kwa mama mkwe. Mama yangu ni mkulima wa korosho na mihogo kijijini, upande wa Mnazi Bay, na ndiye anayeosha maiti za wanawake pale. Kwetu, khanga zilizomsitiri marehemu wakati wa kuoshwa hupewa mwoshaji. Mama huzifua, huzianika, huziweka sandukuni. Nimekua nikizivaa na sijawahi kuona ubaya wake.

Idi iliyopita nilitaka kumpa mama mkwe kitu cha mikono yangu. Nilimwomba mama khanga, akaniambia nichague mwenyewe mle sandukuni. Nikachukua moja nyekundu yenye maua meupe, nikashona foronya mbili na kuzidarizi pembeni. Kazi hiyo ilinichukua karibu mwezi mzima wa Ramadhani, kila nikitoka kazini.

Asubuhi ya Idi alizipokea mbele ya wageni, akazigeuzageuza.

"Hii nguo si mpya," alisema. "Bi karani, kukaa ofisini kote huko, unaniletea matambara?"

Wifi yangu akadakia, "Mama, usimwonee. Kwao wanalalia magunia ya korosho, hii wanaiona hariri!"

Watu walicheka. Mume wangu naye alicheka, kisha akainamia sahani yake ya pilau. Wifi alizichukua zote mbili akazitandika mlango wa choo. "Haya, tumepata pa kufutia miguu."

Idi pili mama yangu alikuja kutusalimia. Mama mkwe akampeleka mpaka mlangoni pale. "Mkwe, njoo uone ufundi wa mwanao."

Mama alizitazama. "Nimeona, mkwe," akajibu, basi.

Nilipomsindikiza stendi ndipo aliponishika mkono. "Mwanangu, ile ndiyo khanga niliyomfunikia dada yake."

Dada wa mama mkwe aliolewa kijijini kwetu, na ndiye aliyeniunganisha na mume wangu. Alifariki mwaka jana. Mama mkwe alifika marehemu ameshakafiniwa, kwa hiyo khanga ile hakuiona.

"Nimwambie?" niliuliza.

"Ukisema umemwingizia nguo ya maiti ndani, utaitwa mchawi na ndoa huna. Nyamaza. Acha aikanyage."

Nikanyamaza. Wiki iliyopita mama mkwe alitoka kuoga, akasimama palepale akijifuta miguu, mara akaanza kulia. Alisema wakwe wa dada yake hawakumpa hata kipande cha nguo ya marehemu, angalau awe anainusa akimkumbuka. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake. Nilitaka kusema. Kisha akanitazama huku machozi yanamtoka, akasema, "Na wewe unanitolea macho nini, mtoto wa mwosha maiti?"

Ndugu zangu, nitasema ukweli kwa sababu hamnijui. Alipoingia chumbani niliinama, nikazikunjua foronya zile zilizokuwa zimejikunja kwa maji, nikazinyoosha vizuri ili kesho azikanyage tena. Nilisikia raha moyoni. Raha hiyo inanitisha kuliko talaka.

Ijumaa hii tuna hitima ya marehemu hapahapa nyumbani. Wanawake wa kijijini kwetu wanakuja, wakiwemo walioshika khanga ile siku ya kumwosha. Watatawadha, watapita mlango ule. Wakiitambua, mama mkwe ataaibika mbele ya watu wote, nami sitalala tena nyumba hii. Mume wangu hatanitetea, hilo nalijua.

Kuziondoa ni kazi ya dakika moja. Leo ni Jumatano, na asubuhi nimeziruka nikaja kazini. Nishaurini: nizifiche kimya kimya, nimweleze mama mkwe ukweli, au niziache zilipo mpaka Ijumaa? Msinitukane, nijibuni haraka. Mkono wangu unataka kuziacha.