Ngozi ya Watasema

Leonia mshona magunia, mjane wa Chemchem, hakuwa mtu wa mbwa. Kwao Nzega mbwa alilala nje na kula ukoko. Lakini binti yake wa pekee, Julieth, alipoolewa Usinge, nyumba ilimpwaya, ndipo akamkubali Octavian na mbwa wake.

Huyu Octavian alikuwa kijana mtanashati, mfugaji wa mbwa wakubwa wa ulinzi. Majike hakuwarundika bandani kwake. Aliwagawa kwa familia, kila jike na mlezi wake, akae humo kama mbwa wa nyumbani. Jike akiingia joto, Octavian anamchukua, anampandisha, jike anazalia kwake, na watoto wakiacha ziwa mama anarudishwa kwa mlezi. Akishazaa mara nne, mbwa ni wa mlezi moja kwa moja. Ujanja mtupu! Ugali na dagaa anatoa mwingine, watoto anauza yeye.

Leonia wala hakushtuka. Baba yake aliwaweka ng'ombe wake kwa watu maisha yake yote, naye aliijua desturi. Siku ya kutia sahihi akauliza, kwa kujidai kidogo, mbona karatasi haitaji ngozi. Octavian hakumwelewa. Leonia akamfundisha: mnyama wa mtu akifia mikononi mwako, unampelekea mwenyewe ngozi, ajue hukumla wala hukumuuza. Octavian alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akayaongeza maneno hayo kwa mkono wake, chini kabisa ya karatasi.

Mbwa mwenyewe alikuja na jina la kizungu. Leonia akamwita Watasema, maana majirani walikuwa wameshaanza. Na walisema kweli: mjane anaogesha mbwa, mjane anapiga soga na mbwa. Waache. Watasema alilala chini ya cherehani, sikio moja limesimama, la kushoto limegoma, na Leonia akirudi sokoni, mbwa alimletea kandambili mlangoni. Tangu mumewe afe hakuna aliyewahi kumngoja hivyo.

Baada ya uzazi wa tatu alirudishwa mbavu nje. Shigela, bwana mifugo, alimpapasa tumbo akasema asipandishwe tena, uzazi mwingine utamuua. Leonia akampigia Octavian, akamsihi hadi sauti ikamkauka. Kijana alimsikiliza kwa adabu zote.

"Mama, imebaki mara moja tu. Ukimzuia, namchukua jumla. Ukimtoa, anarudi akiwa wako."

Neno hilo, jumla, lilimkata maini. Angeweza kumficha kwa Julieth, na alikwisha kufunga mzigo. Akaufungua. Alitaka Watasema awe wake kwa karatasi, asije mtu tena kumgongea mlango. Siku ya kuchukuliwa mbwa aligoma kupanda gari, akaing'ang'ania kanga yake kwa meno. Leonia mwenyewe ndiye aliyemnyanyua akamwingiza. Hakusukumwa na mtu.

Miezi ikapita mitatu. Asubuhi moja Octavian akaja na kiroba mkononi. Akatoa shikamoo, Leonia akaitikia marahaba huku akichungulia garini nyuma yake.

"Watoto saba, wote wazima," akasema. "Uzazi wa nne umetimia, mama. Mbwa sasa ni wako."

"Yuko wapi?"

Octavian akakiweka kiroba juu ya cherehani. "Alifia kwangu. Nimefuata karatasi."

Hakuwa na dhihaka usoni, na hilo ndilo lililouma zaidi. Ngozi ilikuwa imetiwa chumvi na kukunjwa vizuri. Akatoa kalamu, akamwonyesha pa kusaini kwamba amepokea, na Leonia akasaini. Kisha Octavian akauliza kama angependa kulea jike mmoja kati ya wale saba, maana hajaona mlezi kama yeye.

Leonia aliikunjua ngozi polepole juu ya magunia, akaipapasa mpaka akalipata sikio la kushoto. Bado lilikuwa limelala. Hapo ndipo alipolia, na majirani wakasema.