Bawabu wa Ngome ya Mpakani

Barua ya chuo iliniambia kwa adabu kwamba mimi ni mwizi. Neno lenyewe halikuwemo, lakini nimekuwa mlinzi wa geti hapa Doha miaka sita, na najua mtu anavyokutazama akikushuku. Nilikuwa nasoma historia kwa mtandao, chuo cha Uingereza, na insha yangu ilihusu ngome moja ya kale kwenye mpaka wa Uingereza na Wales. Kurasa za katikati, walisema, hazina rejea hata moja na hazifanani na kitabu chochote wanachokijua. Basi nije kwenye video nijieleze mbele ya walimu wawili, la sivyo masomo yangu yanaishia hapo.

Nilikasirika hadi chai ikapoa mkononi.

Kurasa hizo zilikuwa za bawabu. Ngome ile ilijengwa na mabwana wa Kiingereza juu ya kilima, wapate kuwachunga watu wa Wales waliotaka ardhi yao irudi. Asubuhi moja watu wa Wales wakaingia, na vitabu vinasema kitu kimoja: bawabu alihongwa akafungua lango. Sentensi moja tu, halafu waandishi wanarudi kwa mabwana na ndoa zao. Niliposoma hapo nikasema, wapi. Lango lilikuwa na wavu mzito wa mbao na chuma, na gurudumu la kuuinua lilikuwa chumba cha juu, si chini alikokaa yeye. Hayo vitabu vyenyewe vinayasema, na nilivitaja. Lakini kwamba funguo za geti hazilali kwa mlinzi, kwamba mlinzi hafungui bila sauti ya mkubwa, kwamba daima kuna wa pili anayekuja kupokea zamu na huyo husikia mengi, hayo sikuyawekea rejea. Sikujua kuna mtu asiyeyajua. Ni kama kuulizwa umesoma wapi kwamba maji huchemka.

Mwenzangu wa chumba pale mtaa wa Najma, dada wa Kiganda anayefanya usafi hotelini, alitaka niwe mpole. "Nyabo, dada yangu, omba msamaha yaishe," akaniambia. "Wazungu wanapenda sorry."

"Sorry ya nini? Nimeiba nini?"

"Hujaiba. Lakini wao ndio wenye cheti."

Akaniuliza nitavaa nini, akatoa blauzi yake ya kanisani. Nikamwambia nitavaa yunifomu. Alinitazama kidogo, akarudisha blauzi kabatini, akachomeka pasi.

Kuna jambo sikumwambia. Mwaka wangu wa pili hapa, nililinda geti pamoja na kaka mmoja wa Kitale, mtu wa mzaha mwingi, aliyenifundisha kuficha chupa ya maji kwenye barafu ya jirani muuza samaki. Siku moja saa sita mchana pikapu iliingia, ikatoka na mashine za AC za nyumba iliyokuwa tupu. Rimoti ya geti ilikuwa kwa supavaiza. Supavaiza ndiye aliyeagiza kwa redio gari lipite, na mimi nilisikia, maana nilikuwa nimefika mapema kupokea zamu. Kwenye OB, kile kitabu chetu cha matukio, niliandika kama tunavyoandika kila siku: yote shwari. Wizi ulipojulikana, mudiri, yaani meneja wetu, aliniita, nikasema sikusikia kitu. Yule kaka alirudishwa nyumbani wiki hiyohiyo, na jina la mwizi juu. Niliogopa, basi. Sina maneno ya kuipamba.

Siku ya mahojiano nilikaa kwenye kibanda cha geti wakati wa mapumziko, simu nimeiegemeza kwenye redio. Walimu walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume. Mwanamume akaanza: nani alinisaidia kuandika? Nikamjibu hakuna. Je, nimeyatoa wapi haya ya bawabu? Nikaigeuza simu ielekee nje.

"Hilo ni geti," nikamwambia. "Mimi ndiye bawabu. Niambie nilifungue."

Akasema haelewi.

"Siwezi kulifungua. Rimoti iko kwa supavaiza. Nikimuita kwa redio, wananisikia wengine wote. Kikiibwa kitu humu, atakayeandikwa ni mimi. Hao waandishi wenu hawajawahi kukaa getini hata siku moja, ndiyo maana waliamini."

Mwanamume akasema, kwa upole wa kukera, kwamba uzoefu wangu si ushahidi wa mambo ya kale. Nikamwambia sijadai kwamba bawabu yule hakuwa na hatia. Nimedai kwamba hakufungua peke yake, na kwamba kila aliyeandika amekubali neno la mkubwa bila kumuuliza aliyepokea zamu. Kisha nikawaeleza habari ya pikapu yote, na OB, na uongo wangu. Sikuwa nimepanga.

Yule mwanamke ndiye aliyenijibu. Akasema insha inabaki, na mimi ninabaki, ila kurasa zile lazima ziwe na rejea. Niandike nilikoyatoa.

Nikaandika chini ya ukurasa: mwandishi, mlinzi wa geti, Doha, na mlinzi mwenzake aliyefukuzwa kwa kosa la mkubwa, mwandishi akisikia. Nikapiga picha ukurasa huo na kumtumia yule kaka. Tulikuwa hatujaandikiana tangu aondoke, na namba yake nilihangaika kuipata.

Alijibu jioni yake. Hakunisalimia. Aliuliza, "Huyo bawabu wa Wazungu, alikuwa na mtu wa kupokea zamu?"

Nikaandika, "Alikuwa naye."

"Alisema nini?"

"Alinyamaza."

Nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena. Sikumngoja. Siku hiyo nilikuwa nimeshamwandikia mudiri barua kwenye meza ya chumba chetu, kurasa mbili, jina langu na la supavaiza, na pikapu, na redio. Nikaipiga picha nayo, nikamtumia, nikaandika chini yake: "Kesho asubuhi naipeleka mwenyewe, nikiwa na yunifomu."