Matabishi ya salon ya aéroport ya Beni, na vile ilinifunga kinywa

Jambo yenu bakubwa ba humu, na bamama bote. Siku mingi nasoma tu habari za benzangu, leo nimeona nami niandike yangu. Sijaongeza kitu. Ningependa ata ikuwe uongo.

Miye niko mama, kwangu ni Vulamba, Butembo. Lakini kazi iko Beni: natumika ku bar ya salon ya aéroport, kule batu ba cravate banangojea ndege. Batoto banabakia Butembo na baba yao, Paluku. Yeye ni mwalimu, na mushahara ya mwalimu munajua vile inakuyaka. Inakuya mara moja, kisha kimya.

Donc chakula ya nyumba inatoka kwangu.

Ku bar tunaishi na matabishi. Mutu anakunywa, anaacha kitu kidogo chini ya glasi, anaenda zake. Mwenye hana anasema aksanti, nayo inatosha. Hakuna mutu alitufundishaka ile, lakini bote tuliijua.

Kulikuwa chef mumoja wa bureau ya serikali, alitumwaka huku kutoka province ingine. Mutu wa kanisa, sauti ya pole, bia hagusi, yeye na jus ya maracuja tu. Kila safari matabishi yake inapita bei ya ile jus. Nilikuwa namutaja mu sala, musinicheke.

Ile siku mvua ilifunga mbingu, ndege ikafanya retard, ikakawia, salon ikajaa. Akaniita. Nikafikiri anataka glasi ingine. Kumbe akavuta kiti pembeni yake, akaniambia nikae. Nikamuambia na heshima kama siwezi, niko ku kazi. Akarudilia. Nikakataa. Njo akanishika mukono, akasema batu bote bakisikia:

— Toka zamani nakulisha weye na batoto yako. Leo unaniogopa?

Sijui ile jibu ilinitoka wapi.

— Papa, matabishi ni aksanti ya kazi. Haiko mahari ya ndoa.

Basoda bawili, baaskari ba bunduki, ku meza ya nyuma bakacheka. Kama balinyamaza, pengine ningepona. Ile kicheko njo iliniuwa. Uso yake ikageuka, akasimama, akaenda kumuona patron.

Patron akaniita mu depot, kati ya makesi ya bia. Hakuwa na kasirani. Aliniambia tu kama ule papa njo alimusaidiaka kupata nafasi ya bar pale aéroport, na kama inje kuna basichana mingi banaomba kazi. Niende niombe musamaha.

Nikafikiria batoto. Nikaenda.

Nikakunja magoti kidogo, vile tunasalimiaka bakubwa, nikasema pardon papa. Akaitika na ile sauti yake ya pole. Kisha akatosha makuta, feza ya matabishi, mu mufuko, akaiweka juu ya meza, akaisukuma kwangu na kidole kimoja. Salon yote inaangalia. Patron alikuwa amesimama ku mulango.

— Twala, akaniambia.

Nikatwala.

Samedi, mwisho ya juma, nikapanda pikipiki mpaka nyumbani. Nikaelezea Paluku yote, sikuficha kitu. Nilikuwa nangoja akasirike, aseme niache ile kazi, tutalima kwa baba yake kule Vuhovi. Aliniuliza tu kama lundi, siku ya kurudi ku kazi, nitatoka mapema, ju njia haiko muzuri ku mangaribi.

Simulaumu. Angesema nini?

Mpaka leo niko pale. Ule papa anapita, anakunywa jus yake, anaacha makuta batu bakiona, nami nasema aksanti. Haniiti tena kukaa. Haina lazima.

Somo yangu ni kidogo. Weye unasafiri: ukitaka kutoa matabishi, toa, uende, usahau. Kama huwezi kusahau, kunywa tu, lipa, panda ndege. Usipotoa kitu, haututukani.

Na weye dada unaanza hii kazi, nilitaka nikuandikie "kataa". Lakini miye nilitwala, donc sina kinywa ya kukushauri.

Kama kuna mutu alipitia mu kitu sawa hii akapata njia ya kutoka, aandike hapa chini, nitasoma. Na kama hakuna, muandike pia, nijue niache kungoja.