Poleni na Mvua

Jumapili, tarehe 2 Agosti, saa kumi na robo alasiri. Naandika hata saa kwa sababu ndipo Bibi alipoanza kunisimulia. Nilimwomba angoje nichukue kalamu, akanijibu, "Chukua, ila usiniharakishe. Nimechoka."

Bibi amechoka tangu alipofika Johannesburg. Alitoka Kilwa Kisiwani baada ya Babu kufariki, Mama akamleta huku Rosettenville ili asikae peke yake, na sasa anakaa peke yake huku, kwa sababu Mama anashinda dukani na mimi nashinda shule. Mwezi wa nane upepo unaleta vumbi la vilima vya migodi mpaka sebuleni. Yeye anajifunga kanga mbili na blanketi, anasogea kwenye hita ya gesi, anasuka ukili. Miyaa ya kusukia haipatikani hapa, kwa hiyo anakata mifuko ya plastiki ya supamaketi vipande vyembamba, anasuka hivyohivyo.

Na mimi nilikuwa nimechoka, ila kwangu ilikuwa ni woga. Kesho yake ilikuwa zamu yangu kusimama mbele ya darasa. Tunasoma zile zama Ulaya ilipoamka kwa sanaa na elimu mpya, na mwalimu wa historia amempa kila mtu mwaka mmoja, aeleze kilichotokea duniani. Mimi nimepata 1505. Mtu akiniuliza saa njiani tu, lugha zote ninazozijua zinanikimbia. Sasa nisimame nizungumze?

Nikamwomba Bibi anisikilize, nizoee sauti yangu.

"La kwanza, Roma. Papa alimwita mchongaji mmoja aje amchongee kaburi la marumaru."

"Papa amekufa?"

"Yuko hai, Bibi."

"Anachongewa kaburi na yu mzima? Huyo ana nafasi sana. Endelea, mke mwenzangu." Ananiita hivyo tangu nizaliwe, eti tulikuwa tunamgombea Babu.

"La pili, Ujerumani, mwezi wa saba. Kijana mmoja aliyesomea sheria alikuwa njiani, radi ikapiga karibu naye. Akaapa akipona atakuwa mtawa. Akapona, akaacha masomo, akaingia utawani kweli."

"Wazazi wake walisemaje?"

"Baba yake alikasirika."

"Ningemshangaa asingekasirika. Ada yote ile! La tatu?"

"Hakuna la tatu."

Bibi akaacha kusuka. Akanitazama tu, na mimi nikitazamwa hivyo siwezi kushikilia uongo hata dakika moja.

"Lilikuwepo," nikasema. "Nimelifuta."

Lilikuwa hili. Mwezi huohuo wa saba, mwaka huohuo, merikebu za Wareno zilifika Kilwa. Askari wakashuka, wakaingia majumbani, wakapora dhahabu na mali, wakaweka mtawala wanayemtaka wao, wakajenga ngome. Mwezi uliofuata wakaichoma Mombasa.

"Umelifuta kwa nini? Limezidi urefu?"

"Kwa ajili ya Luisa."

Luisa ndiye rafiki yangu. Sisemi mmoja wa marafiki zangu. Ni huyo tu. Nilipoanza darasa la nane, wavulana wa nyuma walikuwa wakiniita kwerekwere, jina la dharau wanalowaita wageni kutoka nchi nyingine za Afrika, na mimi nilikuwa nainamisha kichwa. Siku moja Luisa alibeba begi lake akaja kukaa na mimi, basi, hakueleza kwa nini. Bibi yake, anayemwita Avó, ni Mreno, alikuja hapa akiwa msichana. Bibi huyo anajua sili nguruwe, ameninunulia kikaango changu peke yangu, kinaning'inia ukutani jikoni kwake, na mtu mwingine hakigusi. Wavulana wale wakisikia habari ya Kilwa wataanza: "Luisa, rudisha dhahabu!" Hawatanyamaza mpaka Krismasi. Na Luisa atakuwa ananitazama mimi.

Nilimweleza Bibi yote hayo. Akalaza ukili mapajani, akafumba macho. Nikadhani amesinzia.

"Kuna siku moja, mwanangu, siwezi kuisahau hata nikitaka," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeshaposwa, najiona nimemaliza kujua. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa mlinzi wa magofu kisiwani. Siku hiyo alikuwa amevuka kwenda Kilwa Masoko, na huku nyuma akaja mgeni. Mama mmoja wa Kireno, muuguzi, anafanya kazi Msumbiji. Alifuatana na mwenzake Mmakonde anayejua Kiswahili, ndiye akitufasiria. Basi kabla hajatazama gofu hata moja, alimwona mdogo wangu ana kidonda cha moto mguuni, kimeanza kunuka. Yule mama akakaa chini na sketi yake nyeupe, akakiosha, akakifunga, akatuachia dawa. Hata ahsante yetu aliionea haya. Sasa mtu kama huyo, ungemwambia nini wewe?"

Maswali mengine ya Bibi hayataki majibu.

"Nikamzungusha. Msikiti mkuu, kisima, makaburi ya masultani. Tukafika kwenye ngome pale ufukweni. Akasimama, akauliza, mji mkubwa namna hii ulipatwa na nini? Nilijua, mwanangu. Nani kwetu asiyejua? Tena Mjomba alikuwa amenifundisha namna ya kusema, taratibu, bila kumtukana mtu. Maneno yakanifika ulimini. Nikatazama ile bandeji mpya ya mdogo wangu, nikasema, 'Mvua. Mvua na mizizi ya miti.' Yule mama akaweka kiganja ukutani. Akamuuliza mwenzake neno, kisha akatuambia kwa Kiswahili chake hichohicho cha kufundishwa palepale, 'Poleni na mvua.' Nami nikaona nimefanya uungwana mkubwa.

"Alasiri Mjomba akarudi. Nikamhadithia, nangojea sifa. Alikuwa anavua viatu mlangoni. Akabaki na kiatu kimoja mkononi, ananitazama. Akasema, 'Mtu amekuja mpaka msibani, wewe unamwambia hapa hajafa mtu.' Nikasema, Mjomba, nilimwonea haya, ametutibia mtoto. Akasema, 'Ndiyo. Na kwa wema wake huo ukamfanya yeye ndiye mtoto. Ukaamua hawezi kubeba neno. Mtu mzima, mwenye moyo kama ule, umemnyima kutoa pole. Umemwacha atoe pole ya mvua.' Akaingia ndani. Hakunigombeza zaidi ya hapo, afadhali angenigombeza.

"Asubuhi nikakimbia pwani nimuwahi. Chombo kilikwishaondoka. Sijamwona tena. Huenda alirudi kwao akawasimulia wanawe kwamba Kilwa iliangushwa na mvua, nao wamewasimulia wa kwao. Mimi ndiye niliyewafundisha."

Bibi akavuta blanketi mpaka kidevuni. Nilimwona mzee kuliko nilivyowahi kumwona. Nikamuuliza kama alikuwa na hasira na Wareno.

"Hasira inataka nguvu, nami sina," akasema. "Nina huzuni. Hiyo haitaki nguvu, inakaa tu yenyewe. Sasa andika, na hili liandike vizuri. Ukimficha jambo zito mtu unayempenda, usijisifu kwamba umemhurumia. Umemdharau, ila umemdharau kwa upole. Hilo la kwanza. Lakini vilevile usiende ukalimwaga mbele za watu halafu ukamwacha ajikaze peke yake. Waliokufa Kilwa walikuwa watu, mwanangu, wana majina yao kwa Mungu. Hawakufa ili wawe mawe ya kumrushia binti wa watu darasani. Mwendee kwanza, mkiwa wawili, asikie kutoka kinywani mwako. Kisha simama useme kwa wote. Akikasirika mwache akasirike, ana haki. Na pole usimdai. Akitaka kuitoa, ataitoa siku yake."

"Na nikimpoteza, Bibi?"

"Utalia. Nitakuwa hapa na kanga yangu, utapangusa machozi." Akainua viganja. "Mungu akulainishie ulimi, mjukuu wangu. Akupe moyo usiokimbia, na akuzidishie watu wa kusema nao kweli, maana hao ni wachache na huku ugenini ni wachache zaidi. Amina. Haya, sasa niletee chai, na tangawizi uitie ya maana, siyo kama ile ya jana."

Nikamletea chai. Nikaliandika upya la tatu, nikalala.

Jumatatu asubuhi niliondoka mapema, nikamngoja Luisa kwenye spaza, kile kiduka cha kona ya mtaa wao. Akaja anatafuna mkate, akanimegea kama kawaida. Sikuweza kula. Nikamwambia kabla sijabadili nia, yote, mwezi wa saba, merikebu, majumba, Mombasa, na kwamba Bibi yangu ametoka kisiwa hichohicho. Nilikuwa natazama viatu vyake wakati nasema.

"Kwa nini unaniambia mimi?" akasema. "Mimi sikuwepo."

"Najua."

"Avó yangu kwao walikuwa wanalima ndizi, hata mashua hawakuwa nayo."

"Najua, Luisa. Sikutaka tu ulisikie kwa mara ya kwanza umekaa mbele ya wale wa nyuma."

Akaanza kutembea. Nikamfuata. Kwenye robot ya kwanza, taa za barabarani, tulisimama kungoja magari, macho yake mbele. Ya pili vilevile, akawa anaminya mkate mkononi mpaka ukawa kidonge. Nilijua basi, imekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitakaa wapi wakati wa mapumziko.

Tulipokaribia geti la shule akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, sauti kavu.

"Bado nimekasirika," akasema. "Sijui nimemkasirikia nani, lakini nimekasirika."

"Sawa."

"Na hilo utalisema kwa sauti, au utanong'ona kama siku zote? Maana ukinong'ona watadhani unaniogopa. Na hao wakinitania mimi nitawajibu mwenyewe, sihitaji mlinzi. Eish, twende, tumechelewa."

Alikwenda kukaa mahali petu palepale, akaweka begi lake chini, hakunitazama. Mwalimu akaita jina langu. Nikashika ukingo wa meza ya mbele. Roma ilikuwa ya kwanza kwenye karatasi yangu, na Ujerumani ya pili. Nikaiweka karatasi mezani, nikaanza na Kilwa.